Perege mnene ndiye anayewaua vifaranga wako

Wafugaji wa mabwawa ya maji baridi upande wa Ruvu, huku Bagamoyo, huniuliza mara kwa mara kwa nini vifaranga wapya wanakufa. Umeongeza vifaranga kwenye bwawa lenye perege wakubwa, wiki haijaisha vifaranga wanaelea, wakubwa bado wanagombania pumba. Lawama zote humwendea aliyeuza vifaranga. Kuna wakati anastahili, lakini mimi huanza kwa kumpima yule mkubwa.

"Daktari, huyu naye umtazame wa nini? Si unaona alivyonona!" mzee mmoja aliniambia, kamshika perege kwa mikono miwili. Nikakwangua ute kidogo ubavuni, nikauweka chini ya hadubini, nikamwambia, "Hebu sogea, mzee wangu." Alikuwemo mdudu wa duara, vinyweleo mwili mzima, anajizungusha taratibu, na ndani yake kiini kilichopinda kama mwezi mchanga. Ni *Ichthyophthirius multifiliis*, anayeleta ugonjwa wa madoa meupe. Kwa mkubwa nilimwona mmoja tu. Kwenye matamvua ya kifaranga aliyekufa walikuwa wamesongamana.

Mdudu huyu hujipenyeza kwenye ngozi ya samaki, hula, hukua, kisha hutoka na kutua chini ya bwawa, ambako hugawanyika na kutoa watoto kwa mamia. Kwa joto la nyuzi 25 hivi, mzunguko wote huchukua kama wiki moja. Kingamwili za samaki, yaani silaha za mwili zinazomlenga adui mmoja, huchukua wiki kadhaa kufikia nguvu ya kutosha.   Kifaranga ambaye hajawahi kukutana na mdudu anategemea ute wake tu, wenye lisozimu na silaha nyingine zisizochagua adui, na mdudu humshinda.

Perege aliyewahi kuugua akapona ana kingamwili ndani ya ute wenyewe. Zinanasa vinyweleo vya mdudu, naye mara nyingi huachia na kuondoka kabla hajakomaa. Aina moja ya kingamwili za samaki, IgT, ilielezwa mwaka 2005 kwa samaki aitwaye trauti, na ndiyo inayofanya kazi kubwa kwenye ngozi na matamvua. Lakini kinga hii haifagii wadudu wote. Wachache wanaobaki hawamsumbui mwenyewe, ila watoto wao ndio wanaowamaliza wageni.

Na wageni hao hufika wamechoka. Wamekokotwa kwa nyavu, wameshikwa kwa mikono mikavu, ute umekwanguka, wamebanana safarini na hewa haitoshi. Homoni ya msongo, kotisoli, hupanda na chembe nyeupe za damu hupungua, wakati zinapohitajika kuliko siku zote.

Kwa hiyo mimi nashauri bwawa la rika moja: vua wote, kausha, ndipo uweke wapya. Mdudu akikosa samaki hafiki mbali. Kama huwezi, wakuze vifaranga pembeni kwanza. Madoa yakitokea kwenye tangi, chumvi gramu 5 kwa lita kwa siku 7 hadi 10 huwaua watoto wa mdudu wakiwa majini, na perege huivumilia vizuri. Kapsuli za tetrasaikilini ninazokuta zimemwagwa bwawani ni za bakteria, huyu hazimgusi.