Windows imegoma kuingia? Usikimbilie kununua diski

Ukienda Ng'ong'ona, wanakopanga wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), au kwa mafundi wa mjini karibu na Nyerere Square, laptop iliyokwama katikati ya kupigwa (kuwekewa) Windows huwa imeshahukumiwa kabla mtu hajausoma ujumbe ulioko kwenye kioo. Hukumu ni zilezile: diski imekufa, mazabodi (bodi kuu ya laptop) imeungua, vumbi la Dodoma limeingia. Nyingi kati yake si kweli, na baadhi zinamtoa mtu pesa bure.

"Diski haionekani, basi imekufa."

Hii ndiyo ghali kuliko zote. Setapu, yaani programu ya kuweka Windows, inafika pa kuchagua diski, orodha ni tupu, mwenye laptop anaambiwa akanunue SSD (diski ya kisasa) mpya. Diski kufa kupo, sikatai. Lakini kwenye laptop nyingi zenye prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 11, kilichotoka mwaka 2020, SSD hupitia kwenye kidhibiti kinachoitwa VMD, na setapu ya Windows mara nyingi haina draiva yake, yaani programu ndogo ya kuongea nacho. Diski ni nzima, ila setapu haijui pa kuitafuta.

Kabla ya kufungua pochi, ingia BIOS, ile mipangilio ya laptop inayofunguka kabla ya Windows. Jina la SSD likionekana humo, usinunue kitu. Pakua draiva ya VMD, iitwayo Intel RST, kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop yako, ifungue iwe folda ya kawaida, iweke kwenye flashi ya Windows, kisha pale kwenye orodha tupu bonyeza kitufe cha kupakia draiva uielekeze kwenye folda hiyo. Njia ya pili ni kuzima VMD kwenye BIOS. Acer wameificha: katika baadhi ya laptop zao unafungua ukurasa wa Main na kubonyeza Ctrl+S ndipo itokee. Angalizo moja: ukiizima, Windows ya zamani iliyowekwa VMD ikiwa imewashwa inaweza isiwake tena. Kama ulishaamua kufuta kila kitu, hilo halikuhusu.

Jina likikosekana hata kwenye BIOS, hapo sasa mwambie fundi aichomoe SSD na kuichomeka upya, kisha aijaribu kwenye mashine nyingine.

"Flashi inafunguka vizuri, kwa hiyo tatizo si flashi."

Faili la Windows lina ukubwa wa zaidi ya GB 5, na kwa mtu anayeishi kwa bando la wiki hiyo si hesabu ndogo. Ndiyo maana faili moja huzunguka hosteli nzima, kutoka flashi hadi flashi, na hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Likiharibika kidogo tu, setapu inaenda vizuri hadi asilimia fulani kisha inatoa namba kama 0x80070570 au 0x8007025D. Namba hizo mara nyingi zinamaanisha kwamba setapu imeshindwa kusoma au kuandika faili ipasavyo. Anza na flashi na faili lenyewe. RAM na diski vinafuata.

Kuhakiki faili hakuhitaji kulipakua upya. Kwenye kompyuta nyingine fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, halafu linganisha herufi zinazotoka na zile zilizoko kwenye ukurasa wa Microsoft. Na flashi zenyewe? Zipo zinazouzwa kama za GB 128 ilhali uwezo wake halisi ni mdogo mno. Zinapokea faili bila kulalamika, kumbe zinaandika juu ya data iliyotangulia. Programu ndogo ya H2testw huziumbua.

"Diski ina GPT, ifutwe."

GPT na MBR ni njia mbili za kupanga patisheni, yaani vipande vya diski. Setapu ikikutolea ujumbe unaozitaja, haina maana kwamba diski ni mbovu. Unasema flashi imewashwa kwa njia moja na diski imepangwa kwa njia nyingine. GPT inataka flashi iwashwe kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta. MBR inakwenda na Legacy, ile ya zamani. Zima laptop, fungua menyu ya kuchagua cha kuwasha (F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP), kisha chagua flashi ile yenye neno UEFI mbele yake. Mara nyingi mchezo unaishia hapo, na faili zako kwenye patisheni nyingine zinabaki salama.

Amri ya clean ya diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski, ambayo baadhi ya mafundi huikimbilia, inaondoa patisheni zote za diski, na ile D yenye tasnifu yako ikiwamo. Kisha utasikia "tutazirudisha". Kwenye diski ya zamani inayozunguka (hard disk) inawezekana, ilimradi hakijaandikwa kitu juu yake. Kwenye SSD, data iliyofutwa mara nyingi husafishwa na mfumo wa TRIM, na ikishasafishwa kuipata tena ni karibu na muujiza.

"Setapu imemaliza, laptop imezima, setapu imeanza upya. Mazabodi hiyo."

Chomoa flashi. Laptop imewaka kutoka kwenye flashi tena badala ya diski.

"Windows 11 imekataa, laptop hii takataka."

Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Laptop nyingi za mtumba hazifiki hapo, na bado zinapiga kazi. Ila usikimbilie Windows 10 ukidhani umepona: Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa laptop ya kuandikia na kuvinjari intaneti, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows.

"Bila kununua ufunguo mpya haitakubali."

Kama Windows iliyokuwepo ilikuwa halali, chagua kwamba huna ufunguo, weka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, na itajihalalisha yenyewe ikikutana na intaneti. Achana na vile viprogramu vya kuvunja leseni. Virusi hupenda kupanda humo. Ufunguo huenda ukahitajika kama mazabodi imebadilishwa, kwa sababu mara nyingi leseni imefungwa kwenye ile ya zamani.