Uzito Umegoma Kushuka: Maana ya Mkwamo kwa Anayehesabu Kalori

Mkwamo wa uzito ni hali inayompata mtu aliyekuwa akipungua kwa kuhesabu kalori, akafika mahali ambapo mizani haisogei tena kwa wiki kadhaa, ingawa kwa hesabu zake anakula kiasi kile kile kilichompunguza hapo mwanzo. Mitaani watu husema uzito umegoma, na neno hilo linaufanya mwili uonekane kama mfanyakazi aliyekataa kazi kwa makusudi, kiasi kwamba wengi huamua kuuadhibu kwa kujinyima zaidi. Mwili haugomi. Tofauti kati ya nishati inayoingia kwa chakula na ile inayotumika kwa siku, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimaliza mafuta mwilini, imezibika, na mara nyingi huwa imezibika kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kutafuta ilikozibika, ni lazima kuhakikisha kwamba mkwamo upo kweli, kwa sababu wiki moja ya mizani kusimama haitoshi kupewa jina hilo. Sehemu ya wanga tunaokula huhifadhiwa kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu anapoanza kula kidogo, akiba hiyo hupungua pamoja na maji yake, na ndiyo maana wiki ya kwanza inaweza kuondoa kilo mbili au tatu ambazo kwa sehemu kubwa si mafuta. Wiki zinazofuata huonekana butu zikilinganishwa na ile ya kwanza. Zaidi ya hapo, chumvi nyingi, siku zinazokaribia hedhi, na mazoezi mapya yanayochosha misuli huufanya mwili ushikilie maji, hivyo mafuta yanaweza kuwa yanapungua huku mizani ikionyesha namba ile ile. Mwenye kutaka ukweli ajipime kila asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, achukue wastani wa siku saba, kisha alinganishe wastani wa wiki hii na ule wa wiki nne nyuma.

Ikiwa wastani haujasogea kwa muda huo, hesabu ifuatayo inaeleza mengi. Chukua mwanamke wa miaka 38, mwenye urefu wa sentimita 163 na uzito wa kilo 92. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo hutumiwa sana na wataalamu wa lishe, mwili wake ukiwa umepumzika hutumia karibu kalori 1,590 kwa siku, na akiwa mtu wa kazi ya kukaa tunazidisha kwa 1.4, ili kuingiza na shughuli zake za siku, tukapata kama 2,220. Anaamua kula 1,720, yaani pengo la kalori 500, na kwa miezi kadhaa anapungua vizuri hadi kilo 78. Kanuni ile ile sasa inasema mwili wake mwepesi zaidi unatumia takriban 2,030 kwa siku. Hajabadilisha chochote, lakini pengo la 500 limebaki 310, kwa sababu ni kazi ndogo zaidi kuulisha na kuutembeza mwili wa kilo 78 kuliko wa kilo 92. Lengo alilojiwekea siku ya kwanza lilikuwa la mwili ambao hana tena.

Juu ya hilo kuna kujibana kwa mwili wenyewe. Utafiti wa Leibel na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1995, ulionyesha kwamba mtu akipoteza asilimia kumi ya uzito wake, matumizi yake ya nishati hushuka kuliko inavyoelezeka kwa kupungua mwili peke yake. Homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta na kuupa ubongo taarifa ya akiba iliyopo, hushuka, njaa huongezeka, na bila kujua mtu huanza kukaa zaidi, kumtuma mtoto kitu ambacho zamani angekifuata mwenyewe, na kupanda pikipiki kwa safari ambayo angeitembea. Kujibana huku ni kweli, lakini mwili haufiki mahali pa kuacha kabisa kupungua wakati pengo lipo. Nasisitiza hivyo kwa sababu nimewasikia watu wengi wakiambiwa kwamba wamepunguza kula mpaka mwili umezima, nao wakaacha kutazama upande wa pili, ule wa sufuria na sahani, ambako majibu mengi hupatikana.

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu waliodai kwamba hawapungui licha ya kula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Walipopimwa kwa vipimo visivyotegemea maneno yao, matumizi yao ya nishati yalikuwa ya kawaida, ila walikuwa wakiripoti chakula pungufu kwa wastani wa asilimia 47. Sisomi matokeo hayo kama ushahidi wa uongo. Kukadiria chakula kwa jicho ni kazi ngumu, na jikoni kwetu ni ngumu zaidi, kwa kuwa chakula chetu kingi hupikwa kwa mafuta au tui na kupakuliwa kutoka sufuria moja.

Nilipima mara moja chapati za nyumbani. Unga kilo moja ulitoa chapati 15, na nilikuwa nimezoea kuandika kalori 240 kwa kila moja, ambazo ni za unga peke yake. Safari hii niliiweka chupa ya mafuta kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, nikakuta imepungua gramu 210. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, kwa hiyo kila chapati ilikuwa imebeba kama kalori 125 ambazo hazikuwahi kuingia kwenye daftari langu. Mtu anayekula mbili asubuhi tayari amekula kalori 250 asizozijua, na yule mwanamke wetu mwenye pengo la 310 amebakiwa na 60. Pengo la kiasi hicho hupunguza kama robo kilo kwa mwezi, na robo kilo hufichwa na glasi moja ya maji.

Ugali nao una mtego wake. Unga mkavu wa mahindi una takriban kalori 360 kwa gramu 100, lakini ukishapikwa, maji huongeza uzito bila kuongeza kalori, na kila mpishi ana ulaini wake. Njia ya kuaminika ni kupima unga kabla haujaingia majini, kisha kupima ugali wote ulioiva: gramu 500 za unga zikitoa ugali wa gramu 1,500, basi kila gramu 100 za sahani yako zina kalori 120. Programu za simu nyingi zimejaa vyakula vya kigeni. Ni bora kutumia jedwali la virutubishi vya vyakula la Tanzania la mwaka 2008 au la Kenya la mwaka 2018. Na viandikwe pia vitu ambavyo havifiki mezani, yaani kuonja mchuzi, makombo ya watoto, na chai nne zenye vijiko vitatu vya sukari kila moja, ambazo kwa sukari peke yake hukaribia kalori 190.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kupunguza chakula. Ni kupima kila kitu kwa wiki mbili bila kubadilisha ulaji, kisha kukokotoa upya mahitaji kwa uzito wa leo. Pengo likionekana kuwa dogo kweli, kutembea zaidi, kula protini ya kutosha kama maharage, dagaa na mayai, na mazoezi ya kuinua vitu vizito ili misuli isipotee vina faida kuliko kushuka hadi kalori 1,000, kiwango ambacho hakifai bila usimamizi wa daktari. Mwenye uchovu usioisha, kuhisi baridi, hedhi iliyovurugika, au anayetumia insulini au steroidi aende hospitali, kwa maana tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili kutumia nishati, na baadhi ya dawa huathiri uzito kwa njia ambayo daftari haliwezi kuonyesha.

Inaruhusiwa pia kubaki hapo kwa muda. Mwanamke aliyekaa kilo 78 kwa wiki sita huku akipima kila tonge ameshajua, kwa usahihi kuliko kanuni yoyote, ni kalori ngapi zinazomtosha kwa uzito huo, na hiyo ndiyo namba atakayoihitaji siku atakapoamua kuacha kupungua.