Ukuta wa Pink Floyd: yanayosemwa na yaliyotokea

Zikitajwa konsati kubwa za roki ya progresivu, ile ya The Wall (yaani Ukuta), albamu ya bendi ya Uingereza Pink Floyd, haikosi kutajwa. Bahati mbaya, pamoja nayo husimuliwa mambo mengi ambayo hayakuwa hivyo. Nayaandika haya kwa sababu onyesho lenyewe, jinsi lilivyokuwa kweli, linazishinda hadithi zote zilizobandikwa juu yake.

Nianze na kosa linalorudiwa kuliko yote: kwamba konsati hiyo ilifanyika Berlin, mbele ya umati usio na mwisho, baada ya ukuta wa mji ule kufunguliwa. Konsati ya Berlin ilikuwepo, tarehe 21 Julai 1990, pale Potsdamer Platz. Lakini ilikuwa ya Roger Waters, mtunzi mkuu wa The Wall, ambaye alikuwa ameshaachana na bendi miaka kadhaa kabla, akisindikizwa na wasanii waalikwa. Wenzake wa Pink Floyd, David Gilmour, Nick Mason na Richard Wright, hawakuwemo. Pink Floyd wenyewe waliipiga The Wall mwaka 1980 na 1981 tu, tena ndani ya kumbi zilizoezekwa.

Wala hawakuzunguka nayo dunia. Ilipigwa katika miji minne: Los Angeles, Uniondale karibu na New York, London na Dortmund. Jumla ni maonyesho 31, basi. Vifaa vilikuwa vingi mno kuhamisha kila baada ya siku mbili, kwa hiyo walikaa mahali pamoja wakapiga usiku baada ya usiku: London Agosti 1980, mara sita pale Earls Court. Waters pia hakutaka viwanja vya mpira, ingawa ndiko kwenye fedha nyingi.

Sababu ya kuvikataa viwanja ndiyo hiyo hiyo iliyozaa ule ukuta uliojengwa jukwaani wakati wa onyesho. Wengi hudhani ukuta ulihusu siasa za Ulaya ya wakati ule. Vita vimo ndani ya albamu, ni kweli, maana Waters alimpoteza baba yake vitani mwaka 1944 akiwa bado mtoto mchanga. Ila wazo la kujenga ukuta jukwaani lilitoka Montreal, tarehe 6 Julai 1977, usiku wa mwisho wa ziara ndefu ya viwanjani. Watu wa mbele walikuwa wakipiga kelele na kulipua fataki, na Waters akakasirika hadi akamtemea mate shabiki mmoja. Kitendo hicho kilimtisha mwenyewe. Akaanza kufikiria onyesho ambalo lingeonyesha waziwazi umbali kati ya wanamuziki na wanaowasikiliza.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe, maana hapa ndipo uzushi ulipozidi. Wapo wanaosema ulikuwa wa matofali ya kweli. Wengine wanasema ulikuwa picha tu ya projekta. Ulikuwa wa maboksi meupe ya kadibodi, mamia kwa mamia, yaliyosafirishwa yakiwa bapa na kukunjuliwa papo hapo. Mark Fisher na Jonathan Park ndio waliousanifu. Konsati ilipoanza zilikuwepo pande mbili tu za ukuta, kushoto na kulia. Kisha, bendi ikiendelea kupiga, mafundi waliokuwa kwenye majukwaa ya kupanda na kushuka walipanga tofali juu ya tofali hadi kimo cha karibu mita 12. Hadhira iliona wanamuziki wakipotea kidogo kidogo. Mwishoni lilibaki tundu la tofali moja. Waters aliimba kwaheri kupitia hapo, nalo likazibwa. Nusu ya kwanza ikaishia hapo.

Na nusu ya pili ikaanza kwa bendi nzima kupiga nyuma ya ukuta, isionekane hata kidole. Hebu fikiria: umelipa kiingilio, unaitazama kadibodi. Hakuna bendi nyingine kubwa ya enzi zile iliyothubutu kufanya hivyo, kwa maoni yangu, na ndiyo maana nalipenda onyesho hili kuliko yote ya aina yake. Picha za mchoraji Gerald Scarfe zilirushwa juu ya ukuta kwa projekta tatu, huku wanamuziki wakisikiliza mdundo wa kuongozea kwenye vipokea sauti vyao ili muziki usiachane na picha. Baadaye Gilmour alitokea juu kabisa ya ukuta kupiga solo yake maarufu, mwanga ukimmulika kutoka mgongoni. Watu hukumbuka utukufu wa sura ile. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa amesimama juu ya sanduku la vifaa lenye magurudumu, lililowekwa juu ya lifti, na fundi mmoja akilishikilia lisiteleze.

Wengine waliokuwepo huapa kwamba waliwaona Pink Floyd tangu sekunde ya kwanza. Hawakuwaona. Waliofungua onyesho walikuwa wanamuziki wengine wanne, wamevaa vinyago vilivyotengenezwa kwa sura za wanabendi. Usiku wa kwanza kabisa, 7 Februari 1980 mjini Los Angeles, fataki za ufunguzi ziliunguza mapazia juu ya jukwaa. Waters akasimamisha muziki ili moto uzimwe, na baadhi ya watazamaji wakaamini ni sehemu ya mchezo.

Kuhusu fedha: onyesho liliwatia hasara. Albamu iliuzwa sana, lakini jukwaa lilikula kuliko tiketi zilivyoingiza. Aliyetoka na faida ni Richard Wright peke yake. Alikuwa ameshaondolewa kwenye bendi wakati wa kurekodi, akarudi kupiga kinanda kama mwajiriwa wa mshahara. Hasara ikawa ya wale watatu.

Halafu kuna Another Brick in the Wall, ule wimbo wa watoto wanaoikataa elimu ya shule. Huambiwa ni wimbo wa kuwachochea watoto waache masomo. Waters aliwalenga walimu wa aina fulani, wenye kudhalilisha na kukejeli wanafunzi, kama aliowajua utotoni. Wanafunzi wa Afrika Kusini waliuelewa vizuri: mwaka 1980 waliogomea elimu duni ya ubaguzi waliufanya wimbo wao, na Mei mwaka huo serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Jukwaani wimbo huo ulikuja na mwanasesere mkubwa wa mwalimu, mrefu kuliko nyumba, akining'inia juu ya wanamuziki.

Mwisho, filamu ya The Wall ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Alan Parker, si konsati. Kamera zilipelekwa Earls Court kwa nia ya kutumia sehemu za onyesho, lakini picha hazikuridhisha na mpango ukaachwa. Waters hata hakuigiza, nafasi ya mhusika mkuu ilichukuliwa na mwimbaji Bob Geldof. Anayetaka kusikia jinsi ilivyopigwa jukwaani atafute rekodi za Earls Court zilizotolewa mwaka 2000. Kwenye jalada lake kuna vile vinyago vinne.