Dawa na Masharti Yake: Kinachofanya Uchawi wa Riwaya Umnase Msomaji

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri miswada ya riwaya za fantasia, na kasoro ninayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine zote ni hii. Mhusika mkuu amezingirwa, adui ameinua upanga, kurasa zimebaki kumi, na ghafla kiganja cha mhusika kinatoa moto ambao msomaji hakuwahi kuusikia tangu sura ya kwanza. Mwandishi anaamini kwamba ametushangaza, kumbe ametudhulumu. Hofu tuliyokuwa tumembebea mhusika huyo ilikuwa yetu, tuliijenga ukurasa baada ya ukurasa, na sasa tunaambiwa kwamba haikuwa na msingi, kwa sababu moto ule ungeweza kutokea wakati wowote.

Ninapoketi na mwandishi wa mswada wa namna hiyo simwambii apunguze uchawi. Namuuliza swali ambalo ndugu wa mgonjwa humuuliza mganga kabla ya kuondoka na kifurushi chake: masharti yake ni yapi? Katika lugha yetu dawa haitolewi peke yake. Hutolewa pamoja na masharti: usigeuke nyuma ukiitwa, usile chakula fulani mpaka siku saba zipite, usimwambie mtu. Hata methali isemayo kwamba mganga hajigangi ni sharti, tena ni sharti zito kuliko mengi ninayoyasoma katika miswada, kwa kuwa linamnyima mwenye uwezo faida ya uwezo wake mahali anapouhitaji zaidi. Wazee waliosimulia hekaya walijua jambo hili bila kulipa jina. Mimi ningependa kuongeza moja tu, nalo ndilo ninaloling'ang'ania kila siku kazini: sharti halitoshi kuwepo, ni lazima msomaji alijue kabla halijahitajika.

Tumwangalie Fumo Liyongo. Katika masimulizi ya kisa chake, yale ambayo Edward Steere aliyachapa kwa nathari mwaka 1870 na ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utendi mwaka 1913, Liyongo ni shujaa ambaye silaha za kawaida hazimuui. Maelezo hayo yakiachwa hivyo, kisa kimekwisha, kwa kuwa hakuna cha kumhofia. Ndipo mwanawe anapotumwa na maadui kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, naye anamjibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Angalia jinsi msimulizi anavyoutumia muda. Kijana hana sindano. Inambidi arudi mjini, aeleze alichosikia, atengenezewe sindano, kisha afunge safari tena kwenda kwa baba yake. Katika mwendo huo wote sisi tunaosikiliza tunaijua sindano, tunakijua kitovu, na tunamjua baba anayempokea mwanawe kwa furaha. Hakuna linalofichwa, na kwa sababu hiyo kila tendo dogo la nyumbani, kama vile baba kujilaza chali na kusinzia, linakuwa la kutisha. Laiti msimulizi angeificha sindano mpaka dakika ya mwisho, tungepata mshtuko wa mara moja, na usaliti wa mtoto ungepita bila kutuuma.

Jambo jingine katika kisa hichohicho huwa nalitaja kwa waandishi wachanga. Liyongo alipofungwa gerezani, hakutoka kwa miujiza ya mwili wake. Alimwagiza mama yake, kupitia kijakazi Saada, aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, kwa kuwa walinzi walikuwa na desturi ya kula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa vibovu. Akaikata minyororo kwa tupa huku ngoma zikivuma na kuzima sauti ya chuma. Uwezo wake wa ajabu ulikuwa wa kutokufa, haukuwa wa kupasua kuta, na msimulizi aliuheshimu mpaka huo. Pale uwezo ulipokomea, akili ilianza kazi, na akili hiyo ndiyo inayotufanya tumpende shujaa huyu.

Mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin aliijenga riwaya nzima juu ya sharti moja. Katika A Wizard of Earthsea, iliyotoka mwaka 1968, kila kiumbe na kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo ana nguvu juu ya mwenye jina. Sharti hilo hatufundishwi kwa mhadhara. Tunaliona kwanza kwa mbuzi: mtoto anayechunga anasikia shangazi yake, mchawi wa kijiji, akitamka maneno ya kuita mbuzi, naye anayarudia malishoni bila kujua maana yake. Mbuzi wanakuja. Wanakuja wote, wanamzonga, wanamsonga, hawaachani naye, naye hajui neno la kuwaachilia. Katika ukurasa mmoja wa aina hiyo msomaji amekwisha kuelewa mambo matatu: kwamba neno linatenda, kwamba asiyejua mwisho wa neno asilianze, na kwamba mtoto huyu ni mwepesi wa kuanza. Baadaye, kijana huyohuyo, Ged, anapofungua mlango wa wafu kwa ajili ya majivuno mbele ya wenzake, na kivuli kinapoingia duniani kupitia mlango huo, hatuna haja ya kuelezwa kosa ni nini. Tulishawaona mbuzi.

Gharama yake inalipwa hadharani. Mkuu wa wachawi anatumia nguvu zake zote kuuziba ufa ule na anakufa. Ged anabaki na makovu usoni. Lakini pahali ninapopapenda zaidi ni pale anapokwenda kukabiliana na joka la Pendor. Amelikisia jina la joka kutokana na visa vya kale, kwa hiyo anaweza kuliamuru. Joka nalo linamwahidi jina la kivuli kinachomwinda, jina ambalo lingemwokoa. Ana ombi moja tu la kutimiza, na anawachagua watu wa visiwa waliomkabidhi usalama wao. Mimi naamini kwamba hapa ndipo uchawi wa kubuni hufikia kilele chake. Sharti lililoelezwa vizuri humlazimisha mhusika achague, na katika uchaguzi huo tunamjua kuliko ambavyo maelezo yoyote ya tabia yangetujulisha.

Wako wanaopendelea kanuni zilizo karibu na fizikia, nami siwalaumu. Brandon Sanderson, katika mfululizo wa Mistborn ulioanza mwaka 2006, ana wahusika wanaomeza madini na kuyaunguza tumboni ili kupata uwezo mahususi. Anayeunguza chuma cha pua husukuma vitu vya metali, lakini uzito ndio unaoamua: sarafu ikisukumwa hewani huruka kama risasi, ilhali ikiwa imegandamizwa ardhini humrusha msukumaji mwenyewe juu. Msomaji akishaelewa hivyo anaanza kukokotoa pamoja na mhusika, akitafuta ukutani bawaba, kufuli au msumari utakaomsaidia. Ni furaha ya kweli, ile ya kutatua fumbo. Leo furaha hiyo ni shule nzima ya uandishi, na kanuni aliyoiandika Sanderson mwenyewe mwaka 2007 inanukuliwa kila mahali: uwezo wa mwandishi wa kutatua mgogoro kwa uchawi unategemea kiasi ambacho msomaji anauelewa uchawi huo. Nakubaliana naye. Hata hivyo naona kuelewa peke yake hakutoshi. Madini yakiisha tumboni ni upungufu, na upungufu hutia wasiwasi, lakini kinachokaa moyoni mwa msomaji ni sharti linalomgusa mtu mwingine. Shaaban Robert alilijua hilo: katika Adili na Nduguze, ndugu wawili waovu wamegeuzwa manyani, na sharti la adhabu linamwangukia Adili, mwema kati yao, ambaye inampasa awapige kila usiku ilhali moyo wake unawalilia.

Mwaka fulani nilipokea mswada kuhusu msichana wa pwani anayeweza kutuliza upepo. Ulikuwa umeandikwa kwa lugha nzuri, na ulikuwa unachosha, kwa sababu kila dhoruba ilipokuja aliituliza. Tulizungumza mwandishi na mimi kwa siku kadhaa, mpaka yeye mwenyewe akalipata sharti: kila anapoutuliza upepo, sauti yake hufifia, na hairudi. Hatukuongeza vita wala adui mpya. Tulihamisha tu tukio dogo kwenye sura ya pili, ambapo msichana anatuliza upepo ili nguo za bibi yake zisipeperuke kambani, halafu jioni anashindwa kuimba. Kuanzia hapo dhoruba zilezile zilizokuwa zikinisinzisha nilizisoma nimeshika pumzi, na jahazi la baba yake lilipokawia kurudi usiku, nilijua kwamba ana sauti ya kutosha ama kuutuliza upepo ama kumwita baba gizani aifuate sauti yake mpaka nchi kavu.

Huulizwa kama kueleza masharti hakuui ajabu. Jibu langu ni kwamba yanayopaswa kuwa wazi ni yale ambayo kisa kinayategemea, na mengine yote yanaweza kubaki gizani. Tolkien, katika The Lord of the Rings, hatuelezi mchawi Gandalf anaweza nini na hawezi nini, wala hatuteseki, kwa sababu mzigo wa kisa haukuwekwa juu ya Gandalf. Umewekwa juu ya pete, na kuhusu pete tunajua mapema inachomfanya mvaaji na mahali pekee inapoweza kuharibiwa.

Hata Liyongo hakuelezwa wote. Sindano ilipomwingia aliamka, akachukua upinde wake, akaenda mpaka karibu na visima vya mji, akapiga goti, akauvuta mshale, akafa katika hali hiyo. Asubuhi watu waliokwenda kuteka maji walimwona wakakimbia. Kwa siku kadhaa mji ulikaa na kiu, hakuna aliyethubutu kumsogelea, mpaka mama yake akaombwa aende kumbembeleza, akidhani mwanawe amekasirika tu. Sharti la shaba lilikuwa limekwisha kutimia, na bado watu walisimama mbali na ndoo zao tupu, wakiutazama upinde uliovutwa.