Boksi la glavu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Boksi likifungwa vizuri halivuji." Hii ni dhana inayoumiza watu wanaotumia boksi la glavu, yaani sanduku lililofungwa, lenye glavu ndefu zilizofungwa ukutani mwake ili mtu afanye kazi ndani bila kugusa kilichomo. Kila boksi huvuja: kwenye gasketi (mpira wa kuziba maungio), kwenye tundu la waya, kwenye shingo za glavu (pete za ukutani ambako glavu hufungwa). Kwa hiyo anayesanifu boksi la kusagia unga wenye sumu lazima ajiulize hewa itavujia upande gani. Feni hunyonya hewa ili mgandamizo wa ndani uwe chini kuliko wa chumbani. Ufa ukitokea, hewa ya chumba ndiyo inayoingia. Utaliona hilo hata bila geji. Glavu ambazo hazina mkono ndani yake huvimba kuelekea ndani ya boksi, vidole vimenyooka. Zikilegea, simamisha kazi.

Maboksi yaliyojazwa argoni (gesi isiyoathiri vitu vingine) ya kazi za metali ya lithiamu ni kinyume: mgandamizo wake uko juu, kwa sababu yanalinda bidhaa isiguswe na unyevu. Kulitumia boksi la namna hiyo kwa unga wa sumu ni kumpulizia mfanyakazi sumu.

"Feni kali, usalama zaidi." Sivyo, hasa kwa kabati lililo wazi mbele. Kasi ya hewa kwenye mdomo wa kabati huwa karibu mita 0.5 kwa sekunde. Ukiizidisha mno, hewa huanza kuzunguka mbele ya kifua cha aliyesimama pale na kumrudishia mvuke usoni. Jaribu kwa moshi, utauona ukigeuka.

"Chujio la HEPA hunasa kila kitu." Chujio hili la hewa la chembe ndogo sana hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, lakini gesi na mvuke hupita. Hivyo vinahitaji mkaa maalumu, nao hujaa.

"Glavu isiyotoboka ni salama." Mwaka 1996 huko Marekani, mwanakemia Karen Wetterhahn alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki (kioevu cha zebaki chenye sumu kali) juu ya glavu ya lateksi, akiwa anafanya kazi kwenye kabati la kuvuta hewa. Alifariki kwa sumu hiyo Juni 1997. Majaribio yalionyesha kioevu kile hupenya lateksi ndani ya sekunde 15, bila tundu lolote. Chagua glavu kwa kemikali yenyewe, na sanifu shingo ya boksi ili glavu mpya ivishwe juu ya ile kuukuu, kisha kuukuu ivuliwe kutokea ndani, boksi lisibaki wazi hata kidogo.