Mhusika asiyependeka ni nani?

Mkopeshe mtu riwaya ya giza, ile inayochimba akili ya mtu mwovu, na huenda akakurudishia baada ya kurasa hamsini akilalamika: "Humu hamna hata mmoja wa kumpenda." Ni kweli hamna. Mwandishi alikusudia hivyo.

Mhusika asiyependeka ni yule aliyewekwa katikati ya kisa bila sifa za kutuvutia upande wake. Ni mwongo, ana kijicho, anatumia watu, na hana habari ya kutubu. Tusimchanganye na mbaya wa ngano. Fisi wa ngano tunamtazama kwa nje, tena tunajua ataumbuka tu. Huyu wa riwaya tunakaa ndani yake, tunaona kwa macho yake.

Hapo ndipo riwaya ya taharuki ya kisaikolojia inapoachana na ya upelelezi. Katika visa vya Bwana Msa, alivyoviandika Muhammed Said Abdulla, kuna fumbo na kuna mtu mwerevu wa kulifumbua. Katika hii nyingine, muuaji unaweza kumjua mapema kabisa. Kinachokukosesha usingizi ni jinsi anavyojihesabia haki, na hatua gani atapiga kesho.

Mfano mzuri ni Tom Ripley, aliyebuniwa na Mmarekani Patricia Highsmith katika riwaya ya mwaka 1955. Ripley anatumwa Italia kumshawishi kijana wa kitajiri, Dickie Greenleaf, arudi kwao. Wakiwa ndani ya mashua huko San Remo anampiga kwa kasia, anamuua, kisha anajifanya ndiye Dickie: anavaa nguo zake, anaiga saini yake, anatumia fedha zake. Baadaye polisi wanapokuja kuuliza maswali, msomaji anajikuta moyo unamdunda, anaomba Ripley asinaswe. Si kwamba amempenda. Amekaa naye kichwani muda mrefu mno, hofu ya mwenyeji imemwambukiza mgeni.

Mara nyingi mhusika huyu ndiye pia anayesimulia, na hapo tunapata msimulizi asiyeaminika, dhana aliyoipa jina mhakiki Wayne Booth mwaka 1961. Tuseme anaandika: "Sikumsukuma. Nilikuwa nyuma yake tu, na ngazi zilikuwa zimelowa." Kwanza, nani kamuuliza kama alimsukuma? Pili, rudi kurasa mbili nyuma: jua lilikuwa kali tangu asubuhi, na aliyepanda na ndoo ya maji ni yeye mwenyewe. Hakuna mahali alipokiri. Ushahidi umeuokota wewe, tena kutoka kinywani mwake. Utamu wa riwaya hizi, kwangu mimi, uko hapo kuliko kwenye damu.

Kwa Kiswahili tunaye Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Si riwaya ya taharuki, lakini Kazimoto ni wa ukoo huohuo: msomi wa chuo kikuu anayetusimulia mwenyewe, mwenye dharau, anayepanga kumlipizia kisasi Manase kupitia kwa dada wa huyo Manase. Ukisubiri awe mtu mwema utachoka bure. Msome kama unavyomsikiliza mtu kwenye basi la usiku, anayesema zaidi ya alivyokusudia; utasikia upweke uliojificha chini ya ile jeuri.

Kwa hiyo swali la "ningemkaribisha nyumbani?" halisaidii sana. Linalosaidia ni: anaficha nini, na kwa nini anataka nimwamini?

Zipo pia riwaya zilizojazwa ukatili kwa sababu tu giza linauza. Mhusika anachinja, anacheka, anachinja tena, na ukichungulia kichwani mwake hukuti kitu. Hizo hata mimi huzirudisha kabla ya ukurasa wa hamsini.