Kocha lazima awe nyota wa zamani?

Wengi huamini kwamba kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani vyuoni lazima awe aliwahi kutamba uwanjani. Si kweli. Mike Leach, aliyekuwa kocha wa mchezo huo Marekani, hakucheza futiboli ya chuo hata mechi moja. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Brigham Young alicheza raga, kisha akasomea sheria Chuo Kikuu cha Pepperdine. Shahada hiyo akaiweka kabatini (fikiria sura za wazee nyumbani!), akaenda kufundisha mpira. Mwaka 1989 akawa msaidizi wa kocha mkuu Hal Mumme pale chuo cha Iowa Wesleyan, wakahamia vyuo vya Valdosta State, halafu Kentucky, wakijenga mashambulizi ya kurusha mpira badala ya kukimbia nao. Mwaka 1999, akiwa kocha msaidizi, alisimamia ushambuliaji wa timu ya Chuo Kikuu cha Oklahoma. Msimu uliofuata, yeye akiwa tayari kocha mkuu wa chuo kingine, Texas Tech, Oklahoma ikatwaa ubingwa wa taifa.